Kuunda modeli ya mlipuko wa ugonjwa, na kuihoji kabla ya kuiamini

Kabla hujagusa kompyuta, andika swali lako kwenye karatasi kwa sentensi kamili. "Je, vitanda 40 vya kambi ya kipindupindu vitatosha kwa wiki mbili zijazo?" ni swali. "Kipindupindu kitakuwaje?" ni hofu tu, na hofu haina fomula. Swali ndilo litakalokuambia uwagawe watu katika makundi mangapi, uhesabu kwa siku au kwa wiki, na takwimu gani ukaziombe kituoni. Wako wanafunzi hodari wa hisabati wanaoanza na milinganyo iliyopangika vizuri, halafu ndipo wanatafuta swali la kuibandikia. Kazi ya namna hiyo haimsaidii mganga mkuu wa wilaya hata kidogo.

Wazo la modeli za makundi ni jepesi. Unawagawa watu wote wa mahali fulani kwa kufuata hali yao mbele ya ugonjwa: walio hatarini, yaani hawajaugua na hawana kinga, wanaoambukiza, na waliotoka, ama kwa kupona wakabaki na kinga, ama kwa kufariki. Kila mtu anakaa katika kundi moja tu kwa wakati mmoja. Kisha unaandika kanuni za watu kuhama kutoka kundi moja kwenda jingine. Vitabu vya kimataifa huyapa makundi haya matatu herufi S, I na R, kwa hiyo ukikutana na "modeli ya SIR" ujue ndiyo hii. Walioiandika katika sura tunayoitambua leo ni William Kermack na Anderson McKendrick, waliofanya kazi Edinburgh, mwaka 1927. McKendrick alikuwa daktari aliyewahi kutumikia idara ya tiba ya India. Kermack alikuwa mkemia, na macho yake yalikuwa yamepofuka kwa ajali ya maabara mwaka 1924. Nitawarudia, kwa sababu mfano waliouchagua wenyewe una funzo kubwa.

Kanuni za kuhama ni mbili tu:

Maambukizi mapya kwa siku = beta × walio hatarini × wanaoambukiza ÷ watu wote

Wanaotoka kwa siku = gama × wanaoambukiza

Beta ni idadi ya watu ambao mgonjwa mmoja angewaambukiza kwa siku kama kila anayekutana naye angekuwa hatarini. Gama ni sehemu ya wagonjwa wanaotoka kila siku, na ukigawa 1 kwa gama unapata wastani wa siku ambazo mtu anaambukiza. Beta ikigawanywa kwa gama inakupa ile namba iliyosikika kila siku redioni wakati wa korona, R0: wastani wa watu wanaoambukizwa na mgonjwa mmoja katika jamii ambayo bado haina kinga. Ikizidi 1, ugonjwa unaweza kuenea. Ikiwa chini ya 1, unafifia. Kiwango cha kinga ya jamii kinachohitajika kuuzuia ni 1 kutoa (1 ÷ R0). Surua, ambayo R0 yake hutajwa kati ya 12 na 18, inadai kinga ya asilimia 92 hadi 94 ya watu. Ndiyo maana kampeni za chanjo ya surua hazina mzaha na watoto wachache waliorukwa.

Sasa tufanye kwa mikono. Mfano mzuri kuliko yote wa kujifunzia ni mlipuko wa homa ya mafua katika shule moja ya bweni ya wavulana kaskazini mwa Uingereza, Januari 1978. Jarida la British Medical Journal lilichapisha takwimu zake Machi mwaka huohuo, na tangu hapo zimefundishia vizazi vya wataalamu. Shule ilikuwa na wavulana 763. Kuanzia tarehe 22 Januari, waliolala kitandani kwa ugonjwa kila siku walikuwa hivi: 3, 8, 26, 76, 225, 298, 258, 233, 189, 128, 68, 29, 14, na tarehe 4 Februari wakabaki 4. Ni watu wa rika karibu moja, wanaoishi pamoja, wanaohesabiwa kila siku na muuguzi. Mtaani hutapata takwimu safi kiasi hiki.

Fungua Excel au LibreOffice. Katika kisanduku K1 andika 763, ambao ni watu wote. K2 weka beta, 1.66. K3 weka gama, 0.44. K4 weka hatua ya muda, 0.1, yaani sehemu moja ya kumi ya siku. Kisha mstari wa 1 uwe wa vichwa vya safu, na mstari wa 2 uwe wa mwanzo: A2 siku 0, B2 walio hatarini 762, C2 wanaoambukiza 1, D2 waliotoka 0. Katika E2 andika maambukizi mapya ya hatua hiyo: =$K$2*B2*C2/$K$1*$K$4. Katika F2 wanaotoka: =$K$3*C2*$K$4. Mstari wa 3 sasa unajiandika wenyewe: A3 ni =A2+$K$4, B3 ni =B2-E2, C3 ni =C2+E2-F2, na D3 ni =D2+F2. Nakili E2 na F2 ziteremke mstari mmoja, kisha shika mstari wa 3 wote uuvute chini hadi siku ya 30, yaani hadi mstari wa 302.

Ukiwa umeandika sawasawa, mstari wa 3 utakuonyesha 761.83 walio hatarini, 1.12 wanaoambukiza na 0.04 waliotoka. Kama namba zako ni tofauti, simama hapo hapo urekebishe. Ongeza pia safu ya G inayojumlisha B, C na D. Lazima itoe 763 kila mstari. Jumla ikipungua au kuzidi, kuna watu wanapotea njiani au wanazaliwa bila mama, na mara nyingi kosa ni alama ya dola iliyosahaulika au alama ya kutoa iliyoandikwa ya kujumlisha. Safu hiyo usiifute hata modeli yako ikikua kufikia makundi ishirini.

Kuhusu hatua ya 0.1: usiipuuze. Watu wengi hutumia hatua ya siku nzima kwa sababu takwimu zao ni za kila siku. Jaribu uone. Badilisha K4 iwe 1, na siku ya nne utapata wagonjwa 24. Irudishe iwe 0.1, na siku hiyohiyo watafika kama 80. Ugonjwa ni uleule, beta ni ileile. Tofauti yote imetokana na kwamba hatua ndefu inawanyima wagonjwa wa asubuhi nafasi ya kuambukiza jioni. Kwa ugonjwa unaokwenda mbio kama mafua, hatua iwe ndogo sana kuliko muda wa mtu mmoja kuambukiza. Kanuni yangu ya kazi ni kukata hatua nusu, kisha nusu tena, hadi majibu yaache kubadilika kwa kiasi kinachogusa swali langu.

Chora sasa grafu ya safu ya C juu ya takwimu za shule, ukihesabu tarehe 21 Januari kuwa siku 0. Utafurahi. Mstari wa modeli unapanda pamoja na wavulana, unafika kileleni karibu na 300, unashuka nao. R0 inatoka 3.8 hivi. Hapa ndipo wengi hufunga kompyuta na kuandika ripoti.

Usifunge. Grafu kukubaliana na takwimu ni mwanzo wa mahojiano. Umetafuta beta na gama kwa makusudi ili zikubaliane na takwimu zile. Kukubaliana kwake kunathibitisha kwamba ulizitafuta vizuri, basi. Swali la kuiuliza modeli ni lile ambalo hukulitumia kuitengeneza.

Angalia mwisho wa safu ya D. Modeli inasema ugonjwa uliwapitia wavulana 745 hivi, wakabaki wasiofika 20. Taarifa ya shule inasema walioingia kitandani kwa jumla walikuwa 512. Yaani wavulana 251 hawakulala hata siku moja, na modeli yetu nzuri inasema karibu wote waliugua. Ukijumlisha zile namba za kila siku, kuanzia 3 hadi 4 ya mwisho, unapata siku 1,559 za kitandani. Zigawanye kwa wavulana 512: kila mmoja alilala wastani wa siku 3. Lakini gama yetu ya 0.44 ilisema siku 2.3. Unaona ilichofanya? Ilihitaji eneo lilelile chini ya grafu, kwa hiyo imewafanya wengi mno waugue, kila mmoja kwa muda mfupi mno, na grafu ikatoka sawa.

Kosa limeanzia mahali pamoja: tuliwahesabu waliolala kitandani kuwa ndio wanaoambukiza. Mvulana aliyelazwa chumba cha wagonjwa ameshaondolewa darasani, bwalo la chakula na uwanjani. Aliambukiza wenzake kabla ya kulala. Basi kundi la kitandani linatakiwa lisimame peke yake: hatarini, wanaoambukiza wakiwa bado wanazunguka, kitandani, waliotoka. Takwimu tunazolinganisha nazo ni za kundi la tatu, siyo la pili. Ongeza safu moja, ongeza kasi moja ya kuhama, na tayari una modeli nyingine yenye majibu mengine kuhusu R0.

Kuna jambo lingine limejificha humo, na ni kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi ya yote. Tukiandika kwamba kila siku sehemu fulani ileile ya walio kitandani inatoka, tumesema kimyakimya kwamba mtu aliyelala jana na mtu aliyelala juzi wana nafasi sawa ya kuamka leo. Kwa wastani wa siku 3, kundi zima haliwezi kupungua kwa zaidi ya asilimia 28 kwa siku. Rudi kwenye takwimu: 128 wakawa 68, 68 wakawa 29, 29 wakawa 14. Wanapungua kwa karibu nusu kila siku, na siku nyingine kwa zaidi ya nusu. Homa ya mafua ina muda wake; wengi hulala siku zinazokaribiana kisha wakaamka. Dawa ya kasoro hii ni rahisi: gawa kundi la kitandani kuwa mawili au matatu yanayofuatana, kila moja likiwa na sehemu ya ule muda. Wastani unabaki siku 3, lakini wanaotoka mapema mno na wanaong'ang'ania mno wanapungua. Fanya hivyohivyo kwa kipindi cha ugonjwa kuatamia, kabla mtu hajaanza kuambukiza, pale unapokiongeza.

Swali jingine la kuihoji modeli ni hili: nani anahesabiwa katika watu wote? Shuleni pale palikuwa na watu wazima wapatao 130 waliochangamana na wavulana, na ni mmoja tu aliyeugua. Kirusi kilikuwa cha aina ya H1N1, iliyotoweka mwaka 1957 ikarejea 1977, kwa hiyo watu wa makamo walikuwa wamewahi kukutana nayo wakiwa vijana. Mtu aliyewaweka walimu katika kundi la hatarini kwa sababu tu wanakula bwalo moja na wanafunzi angekosea tangu mstari wa pili wa jedwali. Uliza umri, uliza chanjo, uliza milipuko iliyopita.

Sasa niwarudie Kermack na McKendrick. Walilinganisha fomula yao na vifo vya tauni mjini Bombay, Desemba 1905 hadi Julai 1906, na mstari wao ulipita juu ya takwimu kwa uzuri wa kupendeza. Lakini tauni ya aina ile huletwa kwa binadamu na viroboto wa panya, na katika fomula yao hapakuwa na panya wala kiroboto. Wenyewe walilijua hilo na walilisema. Waliowafuata, wengi, walibeba grafu wakaacha maelezo. Ukikumbuka jambo moja kutoka ukurasa huu, likumbuke hili: modeli isiyo na panya inaweza kufuata tauni ya panya siku kwa siku, na bado isikwambie chochote kuhusu faida ya kuua panya.

Kutafuta beta na gama

Zile namba 1.66 na 0.44 nimekupa mkononi. Kwenye mlipuko wako mwenyewe utazitafuta. Anza na kasi ya kukua siku za mwanzo, wakati karibu kila mtu bado yuko hatarini. Pale shuleni wagonjwa walizidi mara tatu hivi kila siku, 8, 26, 76, 225, na logi asilia ya 3 ni 1.1. Hiyo 1.1 ni beta kutoa gama.

Angalia mtego: tofauti ya namba mbili haikupi namba zenyewe. Kama mtu anaambukiza siku moja, kasi hiyo inamaanisha R0 ya 2.1. Kama anaambukiza siku tatu, inamaanisha 4.3. Mstari wa kupanda ni uleule kabisa. Kwa hiyo muda wa kuambukiza usiutafute kwenye grafu ya wagonjwa. Utafute kwenye tafiti za familia, kwenye vipimo vya wagonjwa waliofuatiliwa siku hadi siku, kwa madaktari. Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, wamefanya kazi ya thamani kubwa ya namna hii: wamefuatilia virusi vya njia ya hewa ndani ya kaya, na wamewapa watu madaftari waandike waligusana na nani kwa siku, mtoto na bibi yake, mwanafunzi na mwenzake. Madaftari ya aina hiyo ndiyo yanayokuwezesha kuwa na beta ya watoto tofauti na ya wazee.

Baada ya hapo iachie kompyuta. Solver ya Excel itapunguza jumla ya miraba ya tofauti kati ya modeli na takwimu. Lakini iendeshe mara nyingi kutoka sehemu tofauti za kuanzia, na andika majibu yote yanayokaribia kulingana. Ukipata jozi nyingi za beta na gama zinazolingana na takwimu kwa uzuri uleule, hilo ndilo jibu lako la kweli: takwimu hazitoshi kuzitenganisha, na ripoti yako lazima iseme hivyo.

Tafuta pia kipimo cha nje. Kenya ilipopima kingamwili katika damu ya wachangiaji 3,098 kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, makadirio yalikuwa asilimia 4.3 walikwisha kukutana na kirusi cha korona. Kwa watu wazima wa nchi nzima hao ni zaidi ya milioni moja, wakati kesi zilizothibitishwa zilikuwa elfu chache. Modeli yoyote iliyokuwa imefungwa kwenye kesi zilizoripotiwa peke yake ilikuwa inaangalia ukucha ikidhani ni mwili mzima.

Makundi yanatoka kwenye maisha ya watu

Ugonjwa ndio unaoamua makundi, pamoja na desturi za wanaougua. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ebola. Mwaka 2007 watafiti walichapisha modeli ya milipuko miwili, wa Kikwit nchini Congo mwaka 1995 na wa Uganda mwaka 2000. Zaidi ya makundi ya kawaida waliongeza mawili: waliolazwa hospitali, na waliofariki lakini bado hawajazikwa. Kundi la pili ndilo lenye akili. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola unaambukiza vikali, na kuosha maiti ni heshima ya mwisho ambayo ndugu hawako tayari kuiacha kwa amri ya mgeni. Ukiwaweka marehemu kwenye kundi la "waliotoka" umefuta njia kuu ya maambukizi kwa mstari mmoja wa fomula, na modeli yako haitaweza kamwe kuonyesha faida ya maziko salama yaliyokubaliwa na familia. Kwenye mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri wa 2018 hadi 2020, uliochukua roho 2,287, chanjo iliingia kazini kwa upana, na mtu wa modeli alilazimika kuongeza kundi la waliochanjwa ambao kinga yao bado haijakomaa. Hapo tena, kosa la kuwahesabu kuwa salama siku ileile ya sindano lingepotosha hesabu ya vitanda.

Kwa hiyo kabla ya kuchora visanduku na mishale, kaa na muuguzi wa zamu, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na shehe au mchungaji anayezika. Waulize mgonjwa anapita wapi tangu homa ya kwanza: dukani kununua dawa, kwa mganga wa jadi, kwa mama mkwe, zahanati, hospitali ya wilaya. Kila kituo ambacho tabia ya kuambukiza inabadilika ni kundi. Kituo ambacho haibadiliki, kiunganishe na kilichotangulia, hata kama kinapendeza kwenye mchoro.

Kipindupindu kinahitaji kundi ambalo si la watu: maji. Wagonjwa wanatia vimelea kwenye kisima, vimelea vinakufa kwa kasi yake, wanaokunywa wanaambukizwa. Malaria inataka mbu wahesabiwe kando, na Ronald Ross aliliandika hilo kihisabati kabla hata ya Kermack kushika kazi. George Macdonald, miaka ya 1950, akaonyesha kwamba urefu wa maisha ya mbu ndiyo sehemu nyeti kuliko zote, kwa sababu vimelea vinahitaji siku kumi hivi au zaidi ndani ya mbu kabla ya kuweza kuambukiza. Dawa ya kupuliza ukutani na chandarua chenye dawa vinamkata mbu maisha, na hesabu inaonyesha kwa nini kumkata siku chache tu kunaleta nafuu kubwa.

Wagonjwa wakiwa wachache, badili njia. Jedwali letu lilisema 1.12 mgonjwa, na hakuna mtu wa namna hiyo. Mlipuko wa Marburg wa mkoani Kagera mwaka 2023 ulikuwa na wagonjwa tisa, sita wakafariki. Kwa idadi kama hiyo, bahati inatawala: mgonjwa mmoja kwenda harusini au kubaki nyumbani kunabadilisha historia yote. Tumia namba za nasibu, fomula ya RAND ya Excel inatosha kuanzia, endesha mlipuko uleule mara elfu moja, uhesabu ni mara ngapi ulizimika wenyewe. Katika modeli rahisi kama yetu, mgonjwa mmoja anayeingia kijijini na R0 ya 2 ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kutoanzisha mlipuko wowote mkubwa. Jambo hilo halionekani kabisa kwenye grafu laini.

Kupeleka majibu mezani

Septemba 2014, Ebola ikiwa imeshika Afrika Magharibi, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilichapisha makadirio kwamba Liberia na Sierra Leone zingeweza kufikisha wagonjwa 1,400,000 ifikapo tarehe 20 Januari 2015, kama mambo yasingebadilika, na baada ya kufidia wagonjwa wasioripotiwa. Mlipuko wote, katika nchi tatu zilizoathirika zaidi, hadi mwisho wake mwaka 2016, ulihesabiwa kuwa na wagonjwa 28,616. Wapo waliosema hisabati imeaibika. Sikubaliani nao. Andiko lilelile lilionyesha kwamba asilimia 70 hivi ya wagonjwa wakitunzwa mahali salama na maziko yakiwa salama, mlipuko ungegeuka, na mambo yalibadilika kweli. Lakini wanasiasa na magazeti walichukua namba moja wakaacha lile "kama". Lawama ninayoitoa ni kwa namna namba zilivyosafiri.

Ukipeleka kazi yako kwa uongozi wa wilaya, usipeleke namba moja. Peleka hali mbili au tatu zenye majina ya vitendo: tusipofanya kitu, tukifungua kambi wiki hii, tukichelewa wiki mbili. Kwa kila hali toa kiwango cha chini na cha juu. Andika dhana zako zote ukurasa wa kwanza kwa Kiswahili cha kawaida, mfano "tumechukulia kwamba aliyelazwa haambukizi mtu", ili muuguzi akisoma aweze kusema hapana, wodini kwetu ndugu wanalala chini ya kitanda. Sentensi moja kama hiyo kutoka kwake itakuongezea usahihi kuliko wiki nzima ya kucheza na Solver. Hifadhi kila toleo na tarehe yake, na takwimu za wiki inayofuata zikifika, linganisha na ulichotabiri kabla ya kugusa fomula yoyote.

Na ukipewa nafasi ya kuomba kitu kimoja tu kwenye rejista ya kituo, omba tarehe ambayo kila mgonjwa alianza kujisikia vibaya. Tarehe ya kuandikishwa karibu kila kituo inayo. Ile ya kuanza kuugua huachwa wazi, na bila hiyo utajua watu walifika lini hospitali, lakini hutajua waliambukizwa lini.